Buriani za Kila Novemba

Eliseo Gorosito alikuwa mpiga dramu wa bendi iliyovunjika mara nyingi kuliko bendi yoyote ya mji wa La Plata, na huo ni mji wenye bendi nyingi kuliko maduka ya mikate. Tupa jiwe mtaa wowote wa pale, litampata mwanafunzi mwenye gitaa. Likimkosa mwanafunzi litampata karani wa serikali, naye ana gitaa, ana shairi mfukoni, na ana cheti cha daktari kinachosema mgongo humuuma siku za maonyesho. Eliseo hakuwa mwanafunzi wala karani. Aliuza misumari, kufuli na mabomba katika duka aliloachiwa na baba yake, na mikono yake ilinuka mafuta ya mashine hata siku ya arusi.

Bendi iliitwa Wapangaji wa Jumatatu. Hakuna kati yao aliyekuwa mpangaji. Walikaa kwa mama zao au katika nyumba za urithi, na Jumatatu hawakufanya lolote. Walikutana Jumatano, katika banda lililo nyuma ya nyumba ya mama yake Fabricio Etchegoyen, mtunzi wa nyimbo zote, mwimbaji, mpiga gitaa na mwenye neno la mwisho. Muziki wao ulikuwa roki ile ya watu wasiotaka kusimamiwa na kampuni kubwa. Kusema kweli kampuni kubwa nazo hazikuwahi kuwataka, lakini msimamo ni msimamo. Walirekodi wenyewe, wakachapa majalada wenyewe, wakasambaza wenyewe, na mara nyingi walisikiliza wenyewe.

Fabricio alikuwa na kazi katika ofisi moja ya jimbo ambayo sitaitaja, maana wenyewe ni wengi na wana muda mwingi wa kusoma. Nyimbo zake zilikuwa za huzuni. Huzuni hiyo aliipata kwa shida, maskini, kwa sababu alikulia katika nyumba ya furaha, mama yake alimpigia pasi mashati mpaka akaota mvi, na hakuna aliyewahi kumtenda ubaya isipokuwa msichana mmoja, Ludmila, aliyetoka naye majuma machache walipokuwa vijana kisha akaona hapana. Majuma hayo Fabricio aliyakamua mpaka yakatoa santuri baada ya santuri. Ludmila mwenyewe alisomea meno, akaolewa, akanenepa, na ndiye aliyewaziba meno bendi nzima. Fabricio akiwa amelala kwenye kile kiti chake, mdomo wazi, alimweleza kwa ishara kwamba wimbo mpya unamhusu yeye. Ludmila alimwambia asukutue.

Mpiga besi alikuwa Delfina, mtaalamu wa saikolojia, kama walivyo nusu ya wakazi wa mji ule. Nusu ya pili ni wagonjwa wao. Alikuwapo pia mpiga gitaa wa pili, ambaye simtaji jina kwa sababu tukifika mwisho wa habari hii atakuwa mtu mwingine.

Unaweza kuuliza mwuza misumari mwenye akili timamu alifuata nini humo. Alifuata vyombo. Baba yake alipofariki, Fabricio alifika nyumbani kwao asubuhi ya msiba, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha vyombo. Aliosha juma zima, sahani za wajomba, vikombe vya shangazi, masufuria ya majirani. Hakuimba, hakutunga, hakutoa neno la hekima hata moja. Walikuwa vijana tu wakati huo. Mtu aliyekuoshea vyombo vya msiba huwezi kumwacha kwa sababu tu anaimba kwa pua, na Eliseo hakumwacha.

Tena mazoezi yenyewe hayakuwa mabaya. Muziki ulichukua muda mfupi, nyama choma ikachukua uliobaki. Mchomaji alikuwa Eliseo, na desturi ya huko ni kwamba kabla ya kula watu humpigia makofi mchomaji. Kwa miaka mingi hayo ndiyo makofi pekee aliyopigiwa yeye binafsi, maana jukwaani mpiga dramu hukaa nyuma, na taa ya klabu ilikuwa moja, nayo ilimtazama Fabricio.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Ya Wapangaji haikuwahi kulia sana, kwa hiyo haikuwa na la kuipasua, mpaka Jumapili moja ya Novemba, katika klabu ya mtaa ambako wazee hucheza karata na bocha, mchezo wa kuviringisha mipira mizito. Walipiga alasiri, kwa kuwa Don Amílcar, mwenyekiti wa klabu, hakutaka kelele baada ya giza kuingia. Watazamaji walikuwa wake, mabinamu, na bwana mmoja aliyedhani karata zimeanza. Fabricio akagombana na fundi mitambo. Alidai hasikii sauti yake mwenyewe. Fundi akamjibu kwamba wengine wanaisikia, na inatosha watu hao kuumia. Fabricio akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba bendi imekufa, na wimbo unaofuata ndio wa mwisho duniani.

Hapo ndipo mji ulipowagundua. Redio ya wanafunzi ikaomboleza juma zima. Watu waliokuwa hawajawahi kuwasikia walisema walikuwapo tangu mwanzo. Msichana mmoja aliandika ukutani, karibu na duka la Eliseo, kwamba bila Wapangaji mji hauna roho, na Eliseo akamwuzia rangi ya kumalizia sentensi. Ikabidi pafanyike onyesho la kuaga rasmi, na ukumbi wa bocha ukajaa mpaka watu wakakaa juu ya meza za karata.

Sasa, watu wa pale wana desturi yao, uwanjani hata ukumbini. Wakimpenda mtu humwimbia kwamba haondoki. Wanaimba wote kwa pamoja, wanaruka, wanapunga mashati, na anayeimbiwa hana budi kukubali. Ukikataa ni kama kualikwa chakula ukakunja pua mezani. Basi siku hiyo wakaimba: "Hawaondoki, hawaondoki, Wapangaji hawaondoki!" Fabricio alilia machozi ya kweli, akasema basi, sawa, hatuondoki. Dari nusura ianguke.

Baada ya miezi michache walifanya onyesho la kurudi. Wakaja wake, mabinamu, na yule bwana wa karata.

Ni Delfina aliyelitambua jambo lenyewe, akiwa anatafuna mbavu ya ng'ombe bandani. Alisema watu hawawapendi, wanapenda kuwakosa. Fabricio akafuta mafuta mdomoni, akasema Novemba itafika tena. Ikafika, wakaaga. Wakaimbiwa, wakakubali, wakarudi mbele ya viti vitupu, na Novemba iliyofuata wakaaga tena. Bendi nyingine hufanya kazi ya kupanda. Hii ilipata riziki yake kwa kushuka mlima uleule kila mwaka. Fulana zao ziliandikwa YA MWISHO, na chini yake nafasi tupu ya kujaza mwaka. Don Amílcar aliweka siku ya buriani ijayo kabla hii ya sasa haijaisha. Mabibi wa mtaa walipanga ubatizo wa wajukuu kufuata tarehe hiyo, kwa kuwa jamaa wa mbali wangekuwa wamefika mjini kwa ajili ya kuvunjika kwa bendi.

Mwaka mmoja wakapata heshima kubwa kupita zote. Pale, siku ya mwaka mpya, kila mtaa hujenga sanamu kubwa ya mbao na karatasi, na kuichoma barabarani kuufukuza mwaka wa zamani. Vijana wa mtaa wao walimjenga Fabricio, urefu wa nyumba, na gitaa lake. Fabricio alimleta mama yake kutazama anavyoungua. Mama akalalamika kwamba pua ya mwanawe si kubwa hivyo. Nyuma ya sanamu palikuwa na dramu za karatasi, zimetengenezwa vizuri sana, bila mpigaji. Waliomba radhi kwa Eliseo kwamba karatasi ziliisha. Eliseo alicheka nao, lakini usiku alipovua viatu aliketi kitandani akipigapiga goti kwa vidole, na mkewe aliona.

Mkewe, Noemí, alikuwa mkunga. Alizaliwa Esquel, kusini kabisa, kwenye milima na baridi, na alikuja La Plata kusoma akiwa na nia ya kurudi. Akaolewa, akamzaa Renata, akangoja. Mama yake huko kusini alikuwa anazeeka peke yake na mbwa. Mara mbili nafasi ya kazi ilitokea kwao, na mara mbili Eliseo alisema twende, lakini tumalize kwanza buriani ya mwaka huu, nisimwangushe Fabri. Nafasi zikachukuliwa na wengine. Mara ya tatu wakampigia simu Noemí wakimtaka awe mkuu wa wakunga, aanze kazi mwanzo wa Desemba. Alikubali palepale, akiwa amesimama jikoni na kijiko mkononi, kisha akamweleza mumewe.

Eliseo alisema safari hii wanakwenda. Alisema kwa moyo wake wote. Renata, aliyekuwa anakula milanesa, nyama ya kukaanga, alimtazama kwa makini.

"Baba, tunahama kweli, au tunahama kama bendi?"

Noemí hakucheka. Alipokwisha kumlaza mtoto alirudi jikoni, akamwambia mumewe bila kupandisha sauti: "Mzee, nakupenda, na hilo unalijua. Lakini Jumatatu baada ya hiyo buriani yenu, asubuhi, mimi nawasha gari. Kiti cha mbele ni chako. Usipokaa wewe, nitaweka mimea yangu."

Eliseo alimjua mkewe. Mwanamke aliyekwisha kuwapokea nusu ya watoto wa mji hasemi maneno kwa kupamba.

Jumatano iliyofuata, makaa yakiwa mekundu, alimwendea Fabricio. Alikuwa amejifunza maneno yake dukani, akiyaambia mabomba.

"Fabri, mimi naondoka."

"Unaenda wapi na nyama haijaiva?"

"Naondoka kwenye bendi. Noemí kapata kazi kwao Esquel. Tunahama mwisho wa Novemba."

Fabricio akaweka uma chini. Eliseo akageuza mbavu kwa koleo, akingoja. Alidhani mwenzake atakasirika, au atamwomba abaki. Lolote kati ya hayo lingemfaa.

"Goro," alisema Fabricio polepole, "hiyo ni kali."

"Kali vipi?"

"Miaka yote tunaiua bendi nzima, watu wamezoea. Lakini mtu mmoja tu! Tena mpiga dramu, ambaye hakuna anayemfikiria. Tena kwa ajili ya mapenzi. Tena kusini! Wewe umekaa na jambo hili tangu lini, mwizi wewe?"

"Sikubuni, Fabri. Ni kweli."

"Ndiyo maana ni zuri. Lina harufu ya kweli."

Delfina akaegemea mbele, akaikunja miguu yake kama aliye kazini. "Na unapotamka hilo neno, 'naondoka', unahisi nini?"

"Nahisi naondoka."

"Na nyuma ya hapo?"

"Esquel."

Delfina akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyemwona mgonjwa akikwepa. Mpiga gitaa wa pili aliuliza kama yeye naye anaweza kuondoka mwaka ujao. Kisha wakampigia mchomaji makofi, wakala, na mpango ukapita. Husemwa asiyekuwapo na lake halipo, lakini Eliseo alikuwapo, amesimama palepale na koleo mkononi, na lake bado halikuwapo.

Alijaribu tena. Fabricio alipitia dukani asubuhi moja, wakati wa kazi yake ya serikali, kwa maana mgongo ulikuwa unamuuma, akamsomea wimbo mpya kuhusu mpiga dramu anayesafiri kuelekea theluji. Eliseo alikuwa anampimia mteja misumari. Alimwambia rafiki yake, mbele ya mteja, kwamba nyumba wameshampata wa kuikodi, duka anamwachia binamu, na Renata ameshaagwa shuleni. Mteja alimpa pole. Fabricio alimpiga bega, akamwomba auhifadhi uso huohuo mpaka Jumapili. Halafu akamwuliza kama anaweza kuupiga wimbo ule taratibu zaidi, kwa kuwa mtu anayeondoka haendi kasi vile.

Hapo Eliseo alikasirika, na hasira zake zilikuwa za mtu mpole, zinaingia ndani. Aliporudi nyumbani Noemí alimwuliza kama amemwambia. Akasema amemwambia mara mbili. Noemí akamwuliza kama alisema huku anacheka. Akasema hakucheka. Noemí akafunga sanduku jingine, akasema basi huyo rafiki yake ana masikio ya kusikilizia nyimbo tu.

Jumapili ikafika. Miti ya tilo ilikuwa imechanua na mji mzima ulinukia maua. Watu walijipanga tangu mchana, na kwa mara ya kwanza fulana zilikuwa na uso wa Eliseo, umechorwa vizuri, hata kovu la nyusi lilionekana. Wanawake wazima walimwomba awatilie sahihi. Don Amílcar, amevaa tai, alimkumbatia akamwambia siku zote alijua kuwa ni yeye ndiye roho ya bendi, na alilisema hilo bila aibu yoyote, yeye aliyekuwa akimwita Eusebio kwa miaka yote hiyo.

Ile taa moja wakaigeuza. Ilimpiga Eliseo usoni hata hakuona vijiti vyake. Walipiga nyimbo zote za Ludmila, naye Ludmila mwenyewe alikuwamo ukumbini anakula mkate wa soseji, kisha wakapiga ule wa theluji, taratibu. Kabla haujaisha sauti moja ikaanza karibu na mlango, ikapokewa na nyingine, na ukumbi mzima ukaanza kuruka.

"Haondoki, haondoki, Goro haondoki!"

Tusimsingizie utakatifu: alifurahi. Mtu amekaa nyuma nusu ya maisha yake, anawapigia wengine mapigo ya moyo, halafu watu mia kadhaa wanamwimbia jina kwa machozi. Ni nani asingetaka kubaki ndani ya wimbo huo? Alilia. Alitaka kusema sawa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tena lilikuwa neno tamu, na desturi yote ya mji ilikuwa inamsukuma alitamke.

Akamtafuta Noemí kwa macho. Alimwona kwenye mlango wa uwanja wa bocha, ameshika koti lake mkononi. Hakuwa anaimba. Renata alikuwa pembeni yake, anaruka na wengine, anaimba kwa nguvu zote kwamba Goro haondoki, mpaka alipomwangalia mama yake usoni. Akaacha kuruka.

Fabricio akaja nyuma ya dramu na kipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Katika maisha yote ya bendi ile Eliseo hakuwahi kusema neno jukwaani. Ukumbi ukanyamaza kumsikiliza akikubali.

"Naondoka," alisema Eliseo. "Kesho asubuhi. Ni kweli, si onyesho. Nawashukuru wote."

Ukumbi ulilipuka. Hawakuwahi kuona buriani kama hiyo. Wanaume walikumbatiana wakilia, mabibi walibusu fulana, fundi mitambo aliinua sauti yote aliyokuwa nayo. Don Amílcar alipanda jukwaani kwa shida ya magoti, akamnong'oneza Fabricio kwamba mwaka ujao anataka hivihivi, lakini na yule mama wa besi. Kadiri Eliseo alivyoendelea kusema ni kweli, ndivyo walivyozidi kushangilia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisema vizuri namna ile. Mwishowe aliacha kusema.

Nje, kwenye gari, Fabricio alimkumbatia kwa nguvu. Alikuwa amelowa jasho na furaha.

"Umewaua, Goro. Umewamaliza. Jumatano tunaanza mazoezi ya kurudi, usichelewe."

Eliseo alimshika mabega, akamtazama. Alingoja. Alimpa nafasi kubwa tu, kwa maana alimpenda mtu huyu, na aliona kama akimtazama vya kutosha neno lenyewe litamfikia bila kutamkwa.

"Kwaheri, Fabri," alisema mwishowe.

"Kwaheri, kwaheri," alijibu Fabricio akicheka, akawakonyeza mashabiki waliokuwa wakipiga picha.

Jumatatu asubuhi Eliseo alikaa kiti cha mbele. Mimea ilikwenda nyuma na Renata, ambaye kila mara alisogeza majani usoni ili aone barabara. Noemí aliendesha zamu ya kwanza. Mbele kidogo baada ya kuuacha mji, Noemí aliweka mkono wake juu ya goti la mumewe, akauacha hapo mpaka alipohitaji kubadili gia.

Jumatano jioni alikuwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, anapanga kuni. Baridi ya Esquel haijui kwamba Desemba ni kiangazi. Simu ikalia.

"Uko wapi wewe?" Fabricio aliuliza. "Makaa hayajawashwa, Delfina anauma meno kwa njaa, na huyu kijana mpya wa gitaa anataka kuweka nyama juu ya moto wenyewe. Njoo na mkate."

"Niko Esquel, Fabri."

"Acha utani, bwana."

"Mbwa huyo unayemsikia ni wa mama mkwe."

Kwa kawaida Fabricio akizungumza kwenye simu vidole vyake huchezea gitaa, hata ukiwa unampa habari ya kifo. Safari hii Eliseo hakusikia uzi hata mmoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia bandani. Nikakuambia dukani. Nikasema jukwaani, mbele ya mji mzima."

"Jukwaani!" alisema Fabricio, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Jukwaani nani husema kweli? Mimi sijawahi kusema kweli jukwaani maisha yangu yote."

Eliseo aliketi juu ya kuni. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine makali, na alikuwa ameyapanga vizuri njia nzima ya kuja kusini. Lakini alisikia upande wa pili mtu akivuta pumzi vibaya, kwa kelele, bila mpangilio wowote, na akajua kwamba yule hakuwa Fabricio wa taa na kipaza sauti. Alikuwa yule kijana wa siku ya msiba.

"Usiondoke, Goro," alisema Fabricio. Alisema kwa sauti ndogo, mara moja tu, bila kuimba.

Eliseo alifumba macho. Ukumbi mzima ulikuwa umemwimbia neno hilo, na halikuwa neno walilopaswa kumwambia wao.

"Nimeshafika, Fabri."

Na kwa muda mrefu hakuna kati yao aliyekata simu.